Ukoko wa Mzee Placidi

Jumanne, 14 Machi 1972

Sista Notburga aliyenifundisha kuandika, darasa la nne, alikuwa akisema kabla jua halijazama mtu aiulize roho yake imefanya nini leo. Na roho ikikwepa, aandike. Basi naandika.

Jioni tulikuwa tunatoka kazini. Mkuu wa chuo alisimama langoni mwenyewe, pamoja na mlinzi. Akamsimamisha Mzee Placidi. Mzee Placidi! Mpishi mwenzangu, yeye ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa bweni zima kwa mwiko mrefu kama kasia la kule ziwani. Alikuwa na kifurushi chake kwapani kama siku zote.

Vua shati, Mkuu akamwambia. Mbele yetu, mbele ya wanafunzi waliokuwa wanarudi kutoka shamba la chuo. Mzee mwenye wajukuu. Akavua. Mbavu zote nje, na ukungu ndio ulikuwa unashuka. Wakafungua kifurushi — ukoko! Ukoko wa sufuria la mchana, anaowapelekea nguruwe wake. Tangu enzi chuo kikiwa cha masista wapishi wanachukua ukoko, hakuna aliyewahi kuuita wizi. Mkuu akaumwaga chini, akasema serikali haipo kwa ajili ya kunenepesha nguruwe wa mtu.

Wanafunzi wengine walicheka. Wengine walitazama pembeni.

Na mimi? Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Ndivyo nilivyofanya. Nilivitazama mpaka Mzee alipomaliza kufunga vifungo, na vidole vyake havikuwa vinaona matundu.


Jumatano, 15 Machi

Mgomo!

Mkutano ulifanyika gereji. Lori lilitolewa nje ili tuenee. Mansuetus, dereva, ndiye mwenyekiti wa tawi letu la wafanyakazi, akapanda juu ya tairi. Mwongozo wa chama anaujua kama mimi ninavyoijua Rozari. Kifungu cha kumi na tano, kiongozi asiwe na kiburi wala asinyanyase watu, kifungu cha kumi na tano — alikitaja mpaka Urbani wa bustani akasema ndugu mwenyekiti, tumekielewa, hata kabichi zimekielewa. Watu wakacheka. Halafu Urbani akauliza, sasa yeye wa bustani atagomaje, aziambie kabichi zisikue? Tukacheka tena. Ilikuwa vizuri kucheka.

Makubaliano: kuanzia kesho hakuna kazi, mpaka Mkuu amwombe radhi Mzee Placidi palepale langoni, mbele ya haohao waliocheka. Na alama ni moshi. Bonde zima linaliona bomba la moshi la jiko la chuo. Lisipotoa moshi, watu wote wajue bado tumesimama.

Tukanyoosha mikono. Nami nilinyoosha. Kunigunda anayefagia mabweni alikuwa ubavuni kwangu, jirani yangu wa nyumba ya chini, mwenzangu wa jembe na wa kanisani. Alinyoosha mkono juu kuliko wote kama mtoto anayejua jibu.

Kisha akatoa kitambaa. Ndani yake ukoko! Kumbe jana jioni aliuokota pale langoni, akaupangusa mchanga. Akasema kama huu ni wizi, basi tule wote, tuwe wezi wote. Ukapita mkono kwa mkono. Kila mtu alivunja kipande, akala. Mzee Placidi alitafuna polepole kwa upande wenye meno, macho yamelowa.

Ukafika kwangu — na leo Jumatano! Kwaresima hii nimemwahidi Bwana, Jumatano na Ijumaa sitii kitu mdomoni mpaka jua lizame. Nikavunja kipande nikakifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyeona. Nikasema moyoni nitakula jioni.

Sasa ni jioni. Nimekula ugali na maharage. Ukoko nimeuweka kwenye kichanja juu ya moto, panya wasiuguse. Nimeshiba. Nitaula kesho.


Alhamisi, 16 Machi

Siku ya kwanza bila kazi. Sijui nifanye nini na mikono. Nimefagia uwanja mara mbili. Aloyce, mume wangu, alirudi kutoka mlimani kukata majani akanikuta nimekaa mlangoni, akauliza, Mama Sixtus, umekuwa bibi harusi, unangoja kuletewa?

Majani yetu amemaliza kuyakata. Kazi ya mwanaume ndiyo hiyo, kukata majani na kuyalaza mraba mraba kwenye mteremko. Kutoka hapo ni sisi wanawake: tunachimba katikati ya kila mraba, udongo tunafunika majani, panabaki shimo, maharage yanaota kwenye tuta. Ndiyo ngolo. Lakini mtu mmoja hamalizi kuchimba kabla mvua haijaisha. Kwa hiyo tunachimba kwa ngokela, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi nimeshachimba kwa Kunigunda, kwa Ottilia, kwa wote. Zamu yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo, mkesha wa Matawi. Kwa kundi letu, majembe yanatangulia: siku moja kabla, kila mmoja analeta jembe lake kwa mwenye zamu. Kunigunda ana haraka kama kawaida yake, jembe lake tayari liko nyuma ya mlango wangu.

Kutoka hapa kwangu chuo kinaonekana ng'ambo ya bonde. Bomba halikutoa moshi kutwa. Nilikuwa nikilitazama kama unavyomtazama mtu aliyelala, unangoja apumue.


Ijumaa, 17 Machi

Njia ya Msalaba saa tisa. Baada ya hapo nikapata mgeni.

Mwalimu Mwanaidi, mlezi wa wasichana pale chuoni. Kwao Tanga, ni Mwislamu, mtu wa heshima sana. Shikamoo mama, akasema, na kabla sijaitikia alikuwa ameshavua viatu. Alisema milima yenu na viatu vya dukani haviwezi kuwa ndugu. Nilimpa kigoda.

Akaeleza. Jana wanafunzi walijaribu kujipikia. Sufuria kubwa lile ukilishika vibaya linakutawala. Uji umemwagikia mguu wa msichana mmoja, Emerensiana, mtoto wa kule ziwani, ngozi imetoka. Wengine wamekula mapera mabichi siku mbili, sasa wanashinda chooni. Mkuu anasema wakizidi kulalamika atafunga chuo awarudishe makwao, na mtihani wao wa ualimu ni baada ya Pasaka.

Mkuu hakunituma, Mwalimu Mwanaidi akasema. Tena akijua nimekuja atanila mimi badala ya ugali. Sikuombi uvunje mgomo, mama. Nakuomba uji tu, kwa wasichana wangu.

Nilimwambia nitafikiri. Alipoondoka Aloyce, aliyekuwa akinoa panga nyuma ya nyumba na masikio yote mbele, akaniuliza gereji nilinyoosha mkono upi. Nikasema wa kulia. Akasema basi kapike kwa wa kushoto.

Sikucheka.

Nilirudi kanisani kumuuliza Padri, jua likiwa limeinama. Akasema kulisha wenye njaa ni tendo la huruma. Nikashukuru. Halafu akasema, na kutimiza ahadi pia ni jambo takatifu. Akaingia sakristia, akaniacha na yote mawili.

Niliporudi niliinua macho kwenye kichanja. Kipande kiko palepale, kimeanza kukauka. Na wazo likanijia, sikulialika: wao walikula. Mimi sikula.

Ee Mungu, mtu anawezaje kuwaza hivyo siku ya Ijumaa.


Jumamosi, 18 Machi

Nimeenda.

Sikupita barabarani. Nilipita kwenye mibuni ya watu, umande ukanilowesha mpaka magotini, nikatokea nyuma ya bweni la wasichana. Mwalimu Mwanaidi alikuwa ameweka jiko dogo kwenye chumba cha kufulia. Kuni nilikataa. Nikaomba mkaa, ule wa pasi. Mkaa hautoi moshi.

Nimepika uji, nikatia sukari kidogo na chumvi kwa ajili ya matumbo yao. Emerensiana nilimlisha mwenyewe. Mguu umefungwa, umevimba. Ni mtoto mcheshi! Akasema kwao Mbamba Bay wanakaanga samaki, huku milimani wanakaanga walimu. Halafu akanishika mkono akasema Mungu akubariki mama, na macho yakamjaa machozi. Nikasema kunywa, kunywa.

Nilirudi kwa njia ileile ya kwenye mibuni. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka kijito. Pale kijitoni nikajiuliza: kama ni tendo la huruma, mbona nilikataa kuni? Mbona sikupita barabarani?


Jumapili, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Padri alihubiri juu ya mikono ya fundi seremala. Wagomaji wote walikaa upande mmoja, wamependeza. Mzee Placidi amefunga vifungo vyote mpaka vya shingoni, kama kwamba hakuna mtu atakayemfungua tena.

Kunigunda alikuwa amenishikia nafasi. Nilipopiga magoti akanusa kanga yangu, akaninong'oneza, unanukia pasi! Siku hizi unapiga pasi kanga ya kanisani, umekuwa mke wa karani? Akabana kicheko mpaka benchi likatikisika. Nami nilicheka. Nilicheka!

Komunyo sikwenda. Kunigunda alinitazama. Nikashika tumbo, nikakunja uso. Uongo, ndani ya nyumba ya Bwana, kwa kutumia tumbo langu mwenyewe.

Nje Mzee Placidi alitusalimia wote. Akasema nyumbani kwake hali ni mbaya, nguruwe wamemnunia, hata mkewe hajawahi kununa hivyo. Watu wakacheka sana. Mansuetus akasema kesho kutwa wakubwa wanakuja kutoka Mbinga kusikiliza pande zote mbili. Yeye atawangoja barabarani na maneno yetu. Jiko likiwa bado baridi, lazima watusikilize.

Tuombeane, akasema. Akanipa mkono. Mkono wa kulia.


Jumanne, 21 Machi

Nitaandika yote, hata kama yananichoma.

Jana nilikwenda tena kwa wasichana, na leo pia. Lakini uji una harufu. Wavulana wameunusa. Nilipoinua macho leo asubuhi, walikuwa wamesimama nje ya dirisha, sahani mkononi. Hata wale waliocheka langoni walikuwemo. Mmoja aliniamkia shikamoo mama, akaangalia chini.

Na mkaa ulikuwa umekwisha.

Ndipo Mkuu akaingia. Nilidhani atanifukuza — nakiri nilitamani anifukuze! Akaongea taratibu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Mama Hilaria, kuni ziko jiko kubwa. Watoto wana njaa. Akaondoka, hakungoja jibu.

Mlango ulikuwa wazi. Mibuni ilikuwa palepale. Ningeweza kuondoka. Wavulana walikwenda jiko kubwa wenyewe kuwasha moto, nami nikawafuata nikijiambia nawaangalia tu wasijiunguze. Kuni mbichi. Walipuliza, wakakohoa, wakamaliza kiberiti.

Nani aliwasha moto? Andika ukweli, Hilaria. Ni mimi. Niliwaona hawajui, nikasema sogeeni. Mikono ilijua yenyewe — vijiti huku, maganda ya mahindi chini, moto ukawaka. Na nilifurahi ulivyoshika! Nilifurahi kabla ya kukumbuka.

Nikatoka nje nikatazama juu. Moshi mweupe, mzito, wa kuni mbichi, umesimama juu ya bonde. Hapakuwa na upepo hata kidogo wa kuutawanya.

Saa sita gari la wakubwa likafika. Wakaletwa mpaka jikoni. Nimeshika mwiko. Mkuu akasema huyu hapa mfanyakazi anayeipenda nchi yake, mgomo gani tena mnaouzungumza? Mkubwa mmoja akanipa mkono, wangu ukiwa na unga. Wakaonja ugali, wakasifu, wakapanda gari. Mansuetus alikuwa amesimama njiani tangu alfajiri amevaa koti. Wakampungia mkono kwa adabu wakapita. Wamesema watarudi Jumatatu kuona kama kazi imetulia.

Jioni Mkuu akaniita. Sasa mimi ndiye mpishi mkuu. Mzee Placidi asisumbuke kurudi. Wengine wasiporudi kazini mpaka Jumatatu, nao wasisumbuke.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema asante! Ulimi una mazoea yake.


Jumatano, 22 Machi

Njia nzima hakuna aliyenisalimia. Ottilia alikuwa anaanika mahindi, akanipa mgongo akaanika palepale alipokwisha kuanika.

Nimeenda tena kupika. Mtu aliyepika jana, leo ataziambia nini zile sahani?

Mkuu ameagiza ukoko wote utupwe shimoni, umwagiwe majivu. Nimeutupa.

Nimefunga leo.


Alhamisi, 23 Machi

Kunigunda alikuja nikiwa nachambua mboga. Hakuingia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Nimefuata jembe langu."

"Zamu yangu ni keshokutwa, dada."

"Najua zamu ni lini."

Nikalitoa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeliosha. Akalitazama lilivyosafishwa, uso wake ukavurugika kidogo, nikadhani atasema neno. Akalisema.

"Pale gereji bega lako lilikuwa kwenye bega langu. Ulikuwa unatetemeka. Nikasema moyoni, Hilaria ana hasira kuliko sisi wote."

Nikaanza kumweleza habari za Emerensiana, mguu, mapera. Akasema, ungeniambia, Mama Sixtus. Mimi ndiye ninayewafagilia wale watoto. Tungekwenda gereji tukasema watoto wanaumwa, tukaamua wote. Jiko la mawe tungelijenga hata kwangu, tuwalishe kama watoto wetu, siyo kama kazi ya Mkuu. Lakini ulipita kwenye kahawa yangu — mimi niliona nyayo, nikafikiri ni mwizi.

Akaweka jembe begani, akashuka.

Sikuwahi kufikiria hilo. Jiko la mawe nje ya lango! Siku zote hizo nilikuwa nafikiri yako mawili tu, kupika au kutopika. Sikuwaza kuuliza. Kwa nini sikuwaza? Kwa sababu kuuliza kungetaka nisimame nionekane. Mimi ni mtu wa kutazama vidole vya miguu.


Ijumaa, 24 Machi

Ijumaa ya huzuni za Mama Maria. Wakati wa Njia ya Msalaba watoto wa kwaya walisoma, na mimi nikawa namfikiria Petro, usiku ule alipomkana Bwana. Naye alikuwa anaota moto wa watu wengine. Kabla ya leo nilikuwa najiuliza Petro alikosa nini hasa, maneno matatu tu na baridi ilikuwa kali. Leo sijiulizi.

Jioni hii hakuna jembe hata moja lililoletwa. Nimeacha mlango wazi. Kuku ndio walioingia.

Halafu mtu akabisha hodi huku akikohoa, nikakijua kikohozi. Mzee Placidi. Nikapiga magoti kumwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, lakini kigoda akakikataa. Akasimama, ana mfuko mtupu mkononi.

"Mpishi mkuu," akasema. "Nimekuja kuomba ukoko wa nguruwe wangu."

Aloyce aliyekuwa anavuta kiko akainuka akatoka nje.

"Mzee, nisamehe. Ukoko tunaambiwa tutupe."

"Unatupa wewe?"

"Natupa mimi."

"Na majivu juu?"

"Na majivu."

Akatikisa kichwa. "Ulivyokuja kwangu mara ya kwanza ulikuwa unaunguza. Nikakuambia binti, usione haya, bila kuunguza hakuna ukoko, bila ukoko mpishi anarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa umekuwa hodari. Humwachii mtu kitu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini alivyoukunja ule mfuko wake, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja kitambaa cha altare, nikashindwa. Nikapandisha mkono kwenye kichanja nikamshushia kile kipande. Nikasema ninacho hiki tu.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Ukoko ulikuwa umekauka kabisa, mweusi kwa moshi, lakini mkono wa mwiko wake anaujua. Yeye husonga akizungusha kushoto, ukoko wake una mistari.

"Huu ni wangu," akasema. "Huu ni wa siku ile."

"Ndiyo, mzee."

"Hukula."

Nikamwambia ilikuwa Jumatano. Nikamwambia habari ya ahadi yangu ya Kwaresima. Nilijisikia nikisema, na kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinuka.

Akakaa chini kabisa, si kwenye kigoda, sakafuni. "Mimi pia nilikuwa nimefunga Jumatano ile," akasema. "Na Mansuetus. Na Kunigunda. Sisi wote tunasali kanisa moja, binti."

Ee Yesu wangu.

Alipoinuka alinirudishia kipande. Nguruwe hawataki kitu kikavu hivi, akasema, na kidogo kabisa nikaona kama anatabasamu, au ni maumivu ya kiuno. Mlangoni akaongeza kwamba watu wetu wako pamoja bado, hakuna aliyerudi kazini ila mimi. Wale wa Mbinga wanarudi Jumatatu, na jambo la kwanza watakalotazama wakikata kona ni lile bomba la moshi.

Na sufuria la pili linavuja, akasema. Usilijaze.


Jumamosi, 25 Machi

Naandikia shambani, juu ya goti. Aloyce hajui kwamba nimechukua penseli.

Nimeamka gizagiza nikapika togwa na maharage ya watu wa ngokela, kama vile watakuja. Sikuwaza, mikono ilipika. Sufuria liko hapa, limefunikwa kwa majani ya mgomba. Jua limeshatoka. Hakuna aliyekuja.

Majani ya Aloyce yamelala mraba mraba mpaka bondeni, mazuri, kama tandiko. Yameanza kugeuka rangi. Nimechimba shimo la kwanza peke yangu, na la pili. Udongo bado mlaini, una mvua ya juzi. Aloyce amekaa pale juu akijifanya anatazama mibuni. Ngolo si kazi ya mwanaume kuchimba, watu watamcheka mpaka Litembo. Lakini nimemwona mara mbili akiliinua jembe la akiba akipima mpini.

Asubuhi ni safi sana. Ukungu umekaa chini tu, na kule mbali ziwa linaonekana kama bati. Nikamwaza Emerensiana. Mguu wake unapona, jana alitembea. Leo ni zamu ya uji wa asubuhi. Ng'ambo kule bomba halina moshi bado. Linaningoja mimi.

Wamegonga ile rimu ya gurudumu. Naisikia vizuri hapa, kengele ya chakula. Mara ya kwanza ni ya kujipanga. Watakuwa wamesimama na sahani.

Nikishuka sasa kwa njia ya mkato nitawahi. Mvulana wa zamu atakuwa amekwisha panga kuni. Na Jumatatu wale wa Mbinga watakata kona.

Au nishuke kwa barabara. Nipite mlango kwa mlango, kwa Ottilia, kwa Urbani, kwa Kunigunda, mchana huu kweupe, niseme nilipokosea kwa mdomo wangu. Niseme tujenge mawe matatu nje ya lango. Wanaweza kunifungia mlango. Kunigunda anaweza kunicheka, ana haki.

Kuna mtu kule chini kwenye njia ya kijitoni. Mwanamke, amefunga kanga kichwani, ana jembe begani. Njia ile inapanda huku na inakata kwenda kwa Ottilia pia. Bado hajafika njia panda. Siwezi kumjua kwa kutembea, ukungu umemfunika mpaka kiunoni.

Rimu mara ya pili.

Nimelifungua pindo la kanga, nilikoufunga ukoko alionirudishia Mzee. Nimeutia ukoko mdomoni. Mgumu kama jiwe, mchungu wa moshi, na mchanga wa langoni bado umo, nausikia kwenye meno. Aloyce ameinuka. Mtu yule amesimama kwenye njia panda, anatazama huku juu. Natafuna. Bado sijaumeza.